Mita moja, kaya tano: Nani anamlipia nani umeme?

 

Ndugu msomaji, katika darsa na khutba zetu tumezoea kusikia mawaidha juu ya riba, ulevi, uzinzi na dhuluma za wakubwa. Hayo ni mambo ya kuonywa kila siku. Lakini ipo dhuluma nyingine tunayolala nayo na kuamka nayo. Haina kelele, haina hata jina, na wengi wanaoifanya ni watu wa swafu ya kwanza. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Dhuluma hiyo ipo ndani ya kisanduku kidogo kilichobandikwa ukutani kwenye korido, yaani mita ya LUKU.

Mwaka 2018 nilikuwa nimepanga Temeke, katika nyumba zetu hizi za Uswahilini: korido katikati, vyumba huku na huku, choo na jiko uani. Tulikuwa kaya tano na mita moja. Utaratibu wetu ulikuwa ule unaojulikana na kila mpangaji wa mjini. Mita ikianza kulia, mtu anapita mlango kwa mlango: "Jamani, umeme unaisha, toeni." Kila mlango unatoa sawa, basi. Tuliona hiyo ndiyo haki, kwa sababu hakuna aliyetoa zaidi ya mwenzake.

Chumba cha mwisho karibu na uani alikuwa akikaa mama mmoja mtu mzima, mjane, ambaye wote tulimwita Bi Mkubwa. Kazi yake ilikuwa vitumbua, na alikuwa akiamka kabla ya adhana ya Alfajiri kuwasha jiko lake la mkaa. Ndani alikuwa na taa moja, simu ndogo ya tochi, na redio ambayo haikuzimwa usiku, kwani alisema bila sauti ya mtu usingizi haumjii.

Ikafika wakati umeme ukawa hautoshi. Tunanunua, baada ya siku chache mita inalia tena. Wapangaji tukakaa kikao uani, na kila mmoja akatafuta mchawi. Mchawi akapatikana haraka, naye ni redio ya Bi Mkubwa. Inaongea usiku kucha, kila mtu anaisikia, basi ndiyo inayomaliza umeme. Nikaombwa mimi, kwa kuwa ndiye "Ustadhi" wa nyumba, niseme neno. Nami nikasema. Nilimtajia aya ya 31 ya Surat Al-A'raf, ambamo Allah (sw) ametuhalalishia kula na kunywa na akatukataza kufanya israfu. Nikamfafanulia vizuri kabisa maana ya israfu. Bi Mkubwa akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mwanangu, nimesikia." Tangu siku ile redio ikanyamaza, na jioni nyingine akawa anazima hata taa yake, anakaa mlangoni kuchambua mchele wake kwa mwanga wa taa ya korido.

Na umeme ukaendelea kuisha vile vile.

Fundi aliyenisomesha

Baada ya wiki kadhaa nilimwita fundi umeme aje kubadilisha soketi iliyoungua chumbani kwangu. Katika mazungumzo nikamweleza habari ya redio. Akacheka. Akaniambia, "Ustadhi, ile redio kwa mwezi mzima haimalizi hata yuniti 2. Anayekula umeme wenu ni huyu hapa." Akaligonga friji langu kwa bisibisi.

Kisha akanifundisha jambo ambalo sikuwahi kulijua, pamoja na kwamba nimesoma mpaka chuo kikuu. Kila chombo cha umeme kina kibandiko chenye idadi ya wati. Chukua wati hizo, zidisha kwa saa ambazo chombo kinafanya kazi, kisha gawanya kwa 1000. Utakachopata ni yuniti. Yaani yuniti 1 ni wati 1000 zikitumika kwa saa 1. Taa ya kisasa ya wati 10 inahitaji saa 100 ndipo imalize yuniti 1. Taa ile ya zamani ya wati 60 inaimaliza kwa chini ya saa 17. Pasi ya wati 1000 inaimaliza kwa saa 1 ya kuwaka. Jagi la umeme la wati 2000 linaimaliza kwa nusu saa tu.

Kanuni yake ni nyepesi, hata mtoto anaweza kuikariri. Chombo chenye kutoa mwanga au sauti kinakula kidogo. Chombo chenye kuchemsha au kugandisha kinakula sana. Sisi tulikuwa tukiwinda kinachosikika, na kinachokula kilikuwa kimekaa kimya pembeni ya kitanda changu.

Usiku ule nikachukua kalamu na daftari la shule. Friji langu dogo, ambalo injini yake huwaka na kuzima, nililikadiria yuniti 1.2 kwa siku, yaani 36 kwa mwezi. Feni ya wati 60 kwa saa 8 za usiku ni yuniti 14 na ushee kwa mwezi. Jagi la umeme, dakika 10 kwa siku, ni yuniti 10. Runinga ya wati 80 kwa saa 4, karibu 10. Pasi, saa 2 za kuwaka kwa wiki, ni 8. Taa zangu 3, yuniti 4 na nusu. Jumla ikanijia yuniti 82.

Nikahesabu na za Bi Mkubwa. Taa ya wati 10, saa 5 kwa siku, ni yuniti 1 na nusu kwa mwezi. Redio ya wati 5, saa 10 kila usiku, yuniti 1 na nusu. Kuchaji simu, hata nusu yuniti haifiki. Jumla haikufika yuniti 4.

Yuniti 82 na yuniti 4, ndugu msomaji, na tulikuwa tunatoa sawa.

Nikaendelea na hesabu kwa upande wa fedha. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2016, ambavyo ndivyo nilivyotumia, mtumiaji wa kawaida wa nyumbani alitozwa shilingi 292 kwa yuniti. Ukiweka juu yake VAT asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, yuniti moja inafika kama shilingi 356. Nyumba yetu ilimaliza karibu yuniti 160 kwa mwezi, yaani kama shilingi 57,000, na kila kaya ikitoa 11,400. Bi Mkubwa alikuwa anatumia umeme wa shilingi 1,200 na kulipa 11,400. Mimi nilikuwa natumia umeme wa shilingi 29,000 na kulipa hizo hizo 11,400. Shilingi kama 18,000 za friji langu na feni yangu zilikuwa zinalipwa na wenzangu kila mwezi, na zaidi ya elfu kumi katika hizo zilitoka kwenye vitumbua.

Tena lipo jambo zito zaidi. Viwango hivyo hivyo viliweka bei ya mtumiaji mdogo, ambaye matumizi yake hayazidi yuniti 75 kwa mwezi. Huyo alitozwa shilingi 100 kwa yuniti, na pamoja na makato ni kama 122. Bei hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu mfano wa Bi Mkubwa. Lau angekuwa na mita yake, umeme wake wa mwezi usingefika shilingi 500. Lakini kwa kuwa yuko nasi kwenye mita moja, na sisi tunapitisha 75 mbali, nafuu ya mnyonge ikapotea ndani ya matumizi yetu. Tulikaa naye miezi 20. Piga hesabu utapata zaidi ya laki mbili.

Mwenye kondoo 99 na mwenye kondoo mmoja

Usiku ule nikakumbuka kisa kilichomo katika Surat Saad, aya ya 21 hadi ya 24. Wagombanao wawili waliingia kwa Nabii Daud (as). Mmoja akashitaki kwamba ndugu yake ana kondoo 99, naye ana mmoja tu, na bado ndugu huyo anamtaka ampe na huyo mmoja, tena amemshinda kwa maneno. Nabii Daud (as) akaeleza kuwa hiyo ni dhuluma, na kwamba wengi katika wanaoshirikiana mali hudhulumiana, isipokuwa walioamini na kutenda mema, nao ni wachache.

Nimeisoma sura hii mara nyingi, na nimewafundisha wanafunzi. Sikuwahi kujiona ndani yake. Nilijihesabu daima upande wa wale wachache. Kumbe mwenye kondoo 99 ni mimi, mwenye friji, pasi, feni, jagi na runinga. Mwenye kondoo mmoja ni yule mama na taa yake. Na kumshinda kwa maneno ndiko kule kumsomea aya ya israfu mbele ya wapangaji wenzake.

Tukisoma Surat Al-Mutaffifin tunamfikiria muuza mchele wa sokoni anayebonyeza mizani, au muuza mafuta mwenye kipimo kilichobonyea. Allah (sw) amewatishia adhabu wale ambao wakipokea kwa watu hujikamilishia kipimo, na wakiwapimia wengine hupunguza. Je, mimi niliyechukua yuniti 82 na kulipia 32, sijajikamilishia? Tofauti yangu na yule wa sokoni ni kwamba yeye anajua anachokifanya, nami nilikaa bila kutaka kujua. Na mwalimu hana udhuru mkubwa katika kutojua jambo ambalo jibu lake limeandikwa nyuma ya friji lake.

Hata jina la mita yenyewe linatutosha kuwa mawaidha. LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Shirika la umeme linatutaka tulipe kwa kadiri ya matumizi, sisi ndani ya nyumba tukageuza tukalipa kwa kadiri ya milango.

"Lakini tulikubaliana"

Najua yupo atakayesema: "Ustadhi, unatuletea ugumu. Watu wamekubaliana kutoa sawa, na Waislamu wako katika makubaliano yao." Ni kweli, watu wakijua kila mmoja anatumia kiasi gani, kisha wakasameheana kwa moyo safi, hakuna wa kuwaingilia. Lakini tujiulize, makubaliano yetu yana sifa hiyo? Katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, Allah (sw) amekataza tusiliane mali kwa batili, akaacha biashara iliyo kwa kuridhiana. Na Mtume (saw) amekataza mauziano ya kubahatisha, ambayo mtu hajui anatoa nini na anapata nini. Mtu ataridhia vipi jambo ambalo hajui kiasi chake? Na mjane anayeogopa kuambiwa hama, kunyamaza kwake ni ridhaa au ni unyonge?

Mwingine atatoa hoja ya Ash'ariyyin, wale maswahaba wa kutoka Yemen ambao Mtume (saw) aliwasifu, katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwa sababu chakula kikiwapungukia walikusanya walicho nacho kwenye nguo moja kisha wakagawana sawa kwa sawa. Hoja nzuri, lakini tuitazame vizuri. Wao, mwenye kingi alileta kingi na mwenye kidogo alileta kidogo, kisha wote wakapata sawa. Katika kugawana kule mnyonge ndiye aliyefaidika. Sisi tumepindua. Tunatoa sawa, kisha mwenye vyombo vingi anachukua kingi na mwenye taa moja anachukua kidogo. Na zingatia kwamba hadithi ile inataja walivyogawana kwa chombo kimoja, yaani walipima. Hata katika ukarimu wao kipimo kilikuwepo.

Kujua kipimo ni katika mwenendo wa Mtume wetu (saw). Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba alikuwa akitawadha kwa maji ya kibaba kimoja, kile kinachoitwa mudi, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Maswahaba walijua na wakatufikishia kiasi hicho cha maji. Leo sisi tunajua bei ya vocha ya simu kwa kila megabaiti, lakini muulize baba wa familia nyumba yake inatumia yuniti ngapi kwa mwezi, atakwambia tu, "Umeme siku hizi unakwenda mbio."

Umeme wa "serikali" na umeme wa msikiti

Na maadam tumefungua mlango huu, tusiwaache wale waliojiunganishia umeme nje ya mita wakasema, "Hii ni mali ya serikali, haina mwenyewe." Mali ya umma ina wenyewe wengi mno, na hilo ndilo linaloifanya kuwa nzito. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtumishi aliyeuawa kwa mshale baada ya vita vya Khaibar. Watu wakampongeza kwa shahada. Mtume (saw) akawaambia kwamba ile shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa inamuwakia moto. Waliposikia hivyo, mtu mmoja akaja mbio kurudisha kamba ya kiatu, au kamba mbili. Shuka moja na kamba za viatu, ndugu zangu. Waya unaoingia ndani bila kupita kwenye mita utakuwaje?

Vivyo hivyo msikitini. Sala ya Ishaa imekwisha, mtu mmoja amelala pembeni, feni nane zinazunguka juu ya mabusati matupu. Ule umeme umenunuliwa kwa sadaka za watu waliokusudia ibada. Kuzima swichi wakati wa kutoka si kazi ya mlinzi peke yake, kila aliyeingia humo amekabidhiwa.

Tufanye nini?

Kwanza, kila mmoja wetu leo usiku asome vibandiko vya vyombo vyake na apige hesabu ile: wati mara saa, gawanya kwa 1000. Ni kazi ya nusu saa.

Pili, wapangaji wenye mita moja wakae wagawane kwa matumizi. Njia ya uhakika ni mita ndogo kwa kila chumba, ambayo fundi anaweza kuifunga, au kila kaya kuomba mita yake inapowezekana. Ikishindikana, wapangeni watu kwa vyombo: mwenye friji na pasi atoe fungu lake, mwenye taa tupu atoe lake. Hesabu haitakuwa kamili kama mizani ya dhahabu, lakini itakuwa karibu zaidi na uadilifu. Kisha iandikwe kwenye daftari, kwa kuwa Allah (sw) katika aya ya 282 ya Surat Al-Baqara ametuelekeza kuandika madeni yetu ili shaka isituingie.

Tatu, wenye nyumba. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na Julai 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida kikapanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Jengo ni lako, kodi yake ni yako. Mpangaji aliyekatwa kwenye umeme wake anakudai. Mrudishie au mkate kwenye pango, usingoje akuombe.

Nne, na hili ndilo gumu, aliyegundua kuwa amekula haki ya mtu airudishe. Toba ya haki za watu haitimii kwa istighfari peke yake. Tukumbuke habari ya aliyefilisika, iliyomo katika Sahihi Muslim. Ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, funga na zaka, lakini huyu alimtukana, yule alikula mali yake, mema yake yakagawanywa mpaka yakaisha, kisha akabebeshwa makosa ya wengine.

Mimi nilikwenda kwa Bi Mkubwa na daftari langu. Nikamsomea hesabu yote, na nikamwomba radhi kwa ile aya niliyomtajia mahali si pake. Nilitarajia ashangae. Hakushangaa. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilijua. Kabla hamjaja ninyi, nyumba hii tulikuwa tunaweka umeme mara moja kwa mwezi. Lakini ningesema, si mngeniambia nitafute pengine?"

Nilimlipa kwa mafungu, kila mwisho wa mwezi, mpaka zikaisha. Kila nilipompelekea alizihesabu mbele yangu, akazifunga kwenye ncha ya khanga, akasema, "Allah akuridhie." Na redio yake ikarudi kuongea usiku. Wapangaji wenzangu walinuna kidogo tulipoanza utaratibu mpya, kisha wakauzoea. Friji langu nikaligharamia mwenyewe, na baada ya kulipia miezi miwili mitatu nikajifunza kulifunga vizuri.

Ewe ndugu yangu, mita ikilia leo jioni na mtoto akapita mlango kwa mlango kukusanya, kabla hujatoa fungu lako tazama chumba cha mwisho kuna nani, na ana taa ngapi.

Ewe Mola wetu, tuoneshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na tuoneshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Wabillahi tawfiq.